Kofia ya Kula

Vijana wangu wa idara ya usalama, siku ya kuniaga mlinipa saa kubwa ya ukutani. Nimeitundika. Kila nikiitazama najiuliza mlitaka niwahi wapi, maana mwajiri hanihitaji tena na kuku wangu hawajui kusoma saa. Mliniomba pia niandike niliyoyaona kazini ili msirudie makosa yangu. Nimekubali, ingawa najua mtayarudia tu.

Vyeo sitaviandika, na mishahara mnaijua. Nitaandika habari za kofia, kwa sababu ndizo zilizonilisha, na kwa sababu nusu yenu mmekaa sebuleni kwangu hapa Nyasubi, Kahama, mkinywa chai huku mkizikodolea macho zile kofia za chuma kwenye rafu, mkaogopa kuuliza. Aliyethubutu aliniuliza kama marehemu baba yangu alikuwa jenerali. Baba yangu alikuwa fundi cherehani huko Same. Hizo ni kofia za askari wa Kimarekani, za vita vya zamani, au ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi.

Nilianza kazi kwenye stoo ya vifaa vya kinga ya mgodi mmoja mkubwa upande wa Geita. Nilikuwa msichana mwembamba, jambo ambalo mume wangu, Baba Neema, anadai halina ushahidi. Mkuu wa stoo alikuwa Mzee Bundala, Msukuma mrefu mwenye sauti ya polepole, ambaye hakumaliza sentensi bila kukuchungulia juu ya miwani. Asubuhi ya kwanza alinipa boksi la kofia ngumu niwagawie mafundi umeme. Niligawa harakaharaka, nikamwita kwa furaha aje aone boksi lilivyokwisha. Akaliona, na akaliona pia boksi la pili, lililojaa ile mikanda ya ndani inayoshika kichwa. Sikuwa nimefunga hata mmoja.

Hakunigombeza. Alichukua kofia isiyo na mikanda, akanivisha, akasema, "Simama vizuli, mayu." Mayu kwa Kisukuma ni mama, na alinipa heshima hiyo sekunde mbili kabla ya kunigonga utosini kwa mpini wa bisibisi. Niliona nyota mchana. Akaivua, akafunga mikanda, akanivisha tena na kunigonga vilevile. Safari hii nilisikia mlio tu.

"Umeona? Kinachokuokoa siyo kofia. Ni ile nafasi kati ya kofia na kichwa. Bila nafasi, hatali."

Kisha akanituma kuwafuata mafundi wote, mmoja baada ya mwingine, mikanda mkononi na kichwa kikiniuma.

Hiyo "hatali" ilikuwa somo langu la kwanza la lugha. Mimi Mpare nilikuja huku nikidhani Kiswahili ni kimoja. Baada ya mwezi nilishajua kwamba huku herufi R ni mgeni asiye na uhakika wa kukaribishwa, na kwamba mtu akisema "selikali" nami nijibu kana kwamba amesema serikali. Niliizoea haraka, na nikaanza kujivunia kwamba hakuna Msukuma anayeweza kusema neno nikashindwa kulitafsiri kichwani. Naomba mlikumbuke jivuno hilo, tutalirudia.

Mengi niliyowafundisha ninyi ni ya Mzee Bundala. Ile ya kuishika kofia kwa mikono miwili na kuiminya mbavuni ukisikiliza kama inalia. Ile ya kusoma alama ya mwaka iliyochongwa chini ya ukingo kabla ya kuamini maneno ya muuzaji. Ile ya kuparua kwa ukucha, na ukiona unga mweupe ujue jua limeshaila. Na ile ya stika. Mfanyakazi akibandika stika ya timu yake ya mpira kwenye kofia, ibandue uangalie chini yake, maana mara nyingi ufa na timu hukaa pamoja.

Juu ya meza yake palikuwa na kofia ya chuma, nzito, ya kijani iliyofifia, imelazwa chali kama bakuli na kujaa nati na boliti. Aliipata kwenye lori la vyuma chakavu lililotoka Kigoma. Siku anastaafu alizimimina nati kwenye kopo la maziwa, akaifuta kofia kwa mkono wa shati, akanipa. "Ilikuwa kichwani kwa mtu kabla ya kuja kunitunzia nati," alisema. Nilimuuliza mtu gani. Akanichungulia juu ya miwani, akasema kama angemjua angemrudishia.

Nilipofika nyumbani niliiandika ndani kwa rangi nyeupe: Namba 1. Nani aliniambia niweke namba? Hakuna. Ni ugonjwa wa watu wa stoo, hatuwezi kukaa na kitu kisicho na namba. Na kitu kikishaandikwa moja, kinaanza kuuliza mbili iko wapi.

Mbili niliikuta Ushetu, kwa mkulima wa tumbaku aliyekuwa akipimia mbolea. Tatu ilikuwa ya kunyweshea bata. Nne niliiona kwa fundi viatu, inachemsha gundi, na harufu yake haijatoka hadi leo. Mimi sikuwa na ubavu wa kuchukua bure, na sisi Wapare tunajulikana kwa kutopenda kutoa hela, kwa hiyo nilibadilishana: ndoo mpya, sufuria mpya, chombo chochote kilichofanya kazi ileile vizuri zaidi. Hakuna aliyelalamika. Bata nao walipewa beseni. Baba Neema, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alizoea kusema mbele ya watu wasioruhusiwa kujibu, aliwaambia majirani kwamba wake za wenzake hukusanya vitenge, wa kwake anakusanya vichwa.

Zilipofika sita, nilimwalika Afande Ngassa, mwanajeshi mstaafu wa hapa Kahama, ambaye nilisikia anazijua. Alikuja na lenzi ya kukuzia na mkewe, wote wawili wakiwa makini. Alinifundisha kupitisha kidole kwenye ukingo hadi nipate mshono: za kwanza kabisa mshono wake uko mbele, za baadaye uko nyuma. Alinionyesha namba ndogo iliyogongwa kwenye chuma kwa ndani, upande wa paji la uso, na rangi iliyochanganywa na chembechembe ili isimeremete juani. Halafu akazipanga kofia zangu mafungu mawili mezani. Fungu la kulia lilikuwa na mbili. La kushoto, nne.

"Hizi mbili ni za Mmarekani," alisema. "Hizi nne ni za kuigiza. Zilitengenezwa Ulaya baada ya vita, zikaja na majeshi ya huko hadi Kongo, zikavuka ziwa. Ni kofia nzuri tu, mama. Pole."

Mke wake naye akasema pole, kwa sauti ya msibani. Namba Moja ya Mzee Bundala ilikuwa fungu la kulia, nikashukuru Mungu. Kwa siku mbili sikuiangalia rafu.

Kabla hajaondoka Afande alinitia hamu ambayo sikuwa nayo. Alisema kofia ile kwa kweli ni kofia mbili: ganda la chuma nje, na ndani yake kofia nyingine nyepesi, ya kitambaa kilichoshindiliwa kwa gundi, yenye mikanda yake ya kushika kichwa. Nafasi ileile ya Mzee Bundala. Ganda huishi miaka yote, lakini ya ndani huku kwetu huishia kuwa kiota cha kuku. "Ukipata moja ikiwa na ndani yake, na mkanda wa kidevuni, uniite hata kama niko kanisani." Tangu siku hiyo, kila niliposhika ganda tupu niliona linalokosekana.

Miaka yangu ya mwisho mnaijua. Nilihamia ofisi ya Kahama, nikawa nazungukia wachimbaji wadogo. Kampeni yetu mliiita jina refu kwenye makaratasi, lakini huko machimboni ilijulikana kwa maneno manne: toa kuukuu, chukua mpya. Mtu alete chochote alichokuwa anavaa kichwani akishuka shimoni, apewe kofia ngumu mpya yenye mikanda. Tuliletewa vibuyu vilivyofungwa kamba. Tuliletewa sufuria lisilo na mikono. Mmoja alileta helmeti ya bodaboda, na nje alikuwepo mwenye bodaboda akiitafuta. Ilikuwa kazi nzuri, na niliipenda kuliko zote, na hiyo ndiyo kazi iliyonikutanisha na makosa yangu makubwa.

Kulikuwa na kikundi kimoja cha wachimbaji huko Mwakitolyo, watu tisa wenye duara lao. Nyie mnajua duara, lakini wajukuu wangu wakisoma wajue ni shimo la kuchimbia dhahabu, jembamba, linashuka wima, kuta zake zimezuiwa na magogo yanayoitwa matimba. Kiongozi wao alikuwa Shija, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye watoto sita. Mpishi wao alikuwa Mama Kulwa, aliyekuwa na kibanda chake hatua chache kutoka shimoni. Siku niliyofika, tisa wote walikuwa chini. Nilimsalimia Mama Kulwa, nikapokea kigoda, na nilipoinama kukaa nikaiona.

Ilikuwa kando ya mafiga, imelala mgongo. Ganda la kijani. Nikapitisha kidole: mshono mbele. Ndani yake ilikuwepo kofia ya ndani, nzima, mikanda yake imekuwa ya kahawia kwa uzee, na mkanda wa kidevuni umening'inia. Ndani kulikuwa na punje za mahindi, chache tu.

"Mama Kulwa, hii ni ya nini?"

"Ya kula hiyo, mayu. Ya akina Shija. Ni ya zamani, ilikuwa ya padli."

Padri huyo kila mtu alimjua: Mmarekani aliyewahi kuhudumu upande wa Bukombe miaka ya zamani, mtu aliyekuwa askari kabla hajawa mtu wa Mungu, aliyekuwa akipanda pikipiki vijijini amevaa kofia yake ya vitani. Aliporudi kwao, ilibaki kwa mpishi wake, na mpishi huyo ndiye baadaye aliyeanzisha duara hili. Niliyasikia hayo nusunusu. Nilikuwa naangalia mahindi, nimesikia ya kula, na nikatafsiri kwa ustadi wangu wa miaka thelathini: watu tisa wanakulia kwenye kofia ya chuma, masikini.

Kwenye gari nilikuwa na bakuli kubwa la bati lenye maua mekundu, nililokuwa nimejinunulia sokoni asubuhi. Nikalileta. Nikayamimina mahindi humo, nikaongeza kofia tisa mpya, nikamwambia Mama Kulwa kwamba sasa watakula kwa raha. Aliliangalia bakuli, akaniangalia mimi, akaangalia nembo kwenye mlango wa gari. Mikono yake ilikuwa kwenye kanga, anaipindapinda. "Haya, mayu," alisema. Mimi nilidhani tunabadilishana. Yeye alidhani nakamata.

Afande hakuwa kanisani, lakini alikuja mbio vilevile. Akapitisha kidole ukingoni, akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Nikaiandika Namba 7. Nikaiweka katikati ya rafu, na nawaambia bila aibu kwamba nilikuwa naamka asubuhi naiangalia kabla ya kumwangalia Baba Neema.

Siku ya nne nilipata ujumbe kwenye simu, kutoka kwa Mama Kulwa: "Shkamoo mayu. Tunaomba utuludishie kofia ya kula. Watu wanagombana." Nilicheka. Nikamsomea Baba Neema, naye akacheka. Nikajibu: "Marahaba. Si nimewaachia bakuli? Wale humo kwa zamu." Akajibu neno moja, "Sawa." Wiki ya pili akaandika tena, "Mayu, ile kofia," basi. Hiyo sikuijibu. Ningeweza kusema nilikuwa na kazi nyingi. Ukweli ni kwamba nilianza kuhisi kuna jambo, na sikutaka kulijua, kwa sababu nililijua lingeanzia kwenye rafu yangu.

Kisha ikaja taarifa ya ofisini: Mwakitolyo, jiwe limeanguka, mchimbaji mmoja ameumia. Jina lilikuwa Shija.

Nilimkuta amekaa nje ya kibanda cha Mama Kulwa, mkono umefungwa kifuani, bega limevimba. Alikuwa ameshikilia kofia ngumu ya njano, mojawapo ya zile tisa, ina ufa kutoka utosini hadi ukingoni. Jiwe lilianzia kichwani, likateleza begani. Kofia yangu ilikuwa imemwokoa. Nilijaa fahari, na fahari hiyo ilidumu kama dakika moja.

"Ulikuwa peke yako chini?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nimetangulia, mayu. Anayetangulia anagonga matimba na kusikiliza hewa, ndiyo wengine wanafuata. Siku hizi natangulia mimi tu, kila siku."

"Kwa nini wewe kila siku?"

"Wengine wamekataa. Hatuna tena ya kula."

"Shija, nimewaachia bakuli la kula, kubwa, la maua."

Walitazamana na Mama Kulwa. Shija akavuta pumzi, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Siyo kula, mayu. Kula! Tulikuwa tunapiga kula."

"Ndiyo, mnakula."

"Hatuli! Kula, kula! Ya uchaguzi!" Akainua mkono wake mzima, akatumbukiza vidole kwenye chombo kisichokuwepo, akatoa punje isiyokuwepo, akanionyesha. Mama Kulwa naye, kwa kunihurumia, akafanya mdomo kama anayenguruma, akajitahidi hadi jasho likamtoka: "Ku-rrra."

Miaka thelathini najivunia sikio langu. Punje tisa za mahindi, nane nyeupe na moja iliyopakwa masizi. Kila asubuhi kofia huinuliwa juu ya vichwa, kila mtu anatia mkono, na anayetoka na nyeusi ndiye anayetangulia. Walijaribu kupiga kwenye bakuli langu, lakini ni pana na halina kina, kila mtu anaona. Wakajaribu ndoo, lakini ndoo ni ya Maganga, mmoja wao, na Maganga kwa siku tatu mfululizo hakupata nyeusi. Wakarushiana maneno, wawili wakataka kujitoa, na hakuna aliyekubali kutangulia. Shija akaona duara litafungwa, watu tisa na familia zao. Akaanza kutangulia yeye.

Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Mimi ni ofisa usalama. Nimezunguka machimbo yote haya kuhubiri usalama, na kitu kimoja kilichokuwa kinagawa hatari sawasawa kati ya watu tisa nilikichukua mimi nikakiweka sebuleni. Mama Kulwa alinipa maji. Sikuwaambia kwamba ujumbe wake wa pili nilikuwa nimeuona. Nauandika hapa.

Mngetarajia kwamba nilirudi Kahama nikaitoa mara moja. Usiku mzima nilihesabu njia nyingine, na asubuhi nilipanda gari nikiwa na kofia mbili kwenye mfuko: Namba 7, na Namba 3, ile ya bata, mojawapo ya zile za kuigiza. Wanaume tisa walikuwa wamesimama kuzunguka mdomo wa duara. Nikaanza kwa kutoa ya bata.

Shija aliipokea kwa mkono mmoja, akaigeuzageuza, akanirudishia kwa adabu, akishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mayu. Lakini hii ina mwenyewe."

"Nawapeni. Ni yenu."

"Ndiyo hivyo. Umetupa wewe. Kesho mtu akitoa nyeusi mala mbili, atasema Mama Neema anampendelea mwenzake. Ile ya padli haikuwa ya mtu. Mzee wetu, yule mpishi, alipofaliki hakumwachia mtoto wala ndugu. Aliiacha hapa, kwenye duala."

Nikatoa Namba 7. Kuna aliyecheka, nafikiri ni Maganga. Walijua tangu mwanzo kwamba iko mfukoni. Umbo lake lilijionyesha. Shija akaichungulia ndani, uso ukabadilika.

"Umeandika namba."

"Ni namba tu."

"Ikiwa na namba ina mwenyewe. Ifute, mayu."

Dereva alitupatia petroli kidogo kwenye kitambaa. Nilisugua mwenyewe, nimepiga magoti, hadi saba ikawa doa na doa likaisha. Mama Kulwa akaleta punje. Alikuwa anazitia moja moja akihesabu kwa sauti, na alipofika nane akasita, akaniangalia, akatia ya tisa.

"Shija hawezi kushuka, na mayu amekuja," alisema. "Apige mahali pake."

Taratibu za ofisi zinakataza kabisa, na ndiyo maana nilisubiri nistaafu ndipo niandike. Kofia iliinuliwa. Mimi ni mfupi, wakaiteremsha kidogo. Nilitia mkono kwenye nafasi ile ya mikanda ya zamani, nikashika punje, nikafungua kiganja. Nyeusi.

Shija akasema taratibu kwamba mgeni anasamehewa. Nilitamani sana kusamehewa. Lakini niliwaona wale wanane wanavyoiangalia kofia, na nikaelewa kwamba nikisamehewa leo, kesho haitakuwa na kazi tena.

Sasa sikilizeni siri ya idara. Mafaili yangu yamejaa maneno "duara limekaguliwa." Nililikagua kutoka juu, kwa tochi, nimeshika kiuno. Asubuhi ile nilifungwa kamba na mkanda, nikapewa nyundo, na watu wanane wakanishusha, huku mmoja akiuliza kwa heshima kama ofisini huwa tunapata chakula cha mchana. Niliogopa kwa kiasi ambacho sijui kukiandika. Chini ni joto, na sauti ya pumzi yako inakurudia. Niligonga timba la kwanza, likalia vizuri. La pili vizuri. Yote kumi na mawili niligonga, na la tisa lililia kama boksi tupu. Nikagonga tena, nikawa na hakika. Nilipopandishwa, nimejaa udongo hadi masikioni, niliwaambia la tisa limeoza kwa ndani, na siku hiyo hawakuchimba, walilibadilisha. Huo ndio ukaguzi mmoja wa kweli nilioufanya katika miaka yangu yote ya kuzungukia wachimbaji. Ninyi mkikagua, shukeni.

Afande Ngassa hakuzungumza nami mwezi mzima. Baadaye alikuja, akaangalia pengo kati ya Sita na Nane, maana nilishaipata Nane, akasema, "Pole," na mkewe naye akasema pole.

Siku mliponiaga, mliona akina mama wawili na mwanamume mmoja wamekaa nyuma, hamkuwajua. Walikuwa Shija, mkewe, na Mama Kulwa. Baada ya ninyi kutoa saa yenu, walinifuata nje na kifurushi cha kanga. Ndani kulikuwa na bakuli langu la bati, la maua mekundu, limejaa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Chini yake, kwa rangi ya kucha, mtu mwenye mwandiko mzuri ameandika: HILI LA KULA. YA KURA IPO KWETU.

"Soma helufi, mayu," alisema Shija. "Tumemtafuta mwalimu atuandikie."

Nimeliweka kwenye rafu, mahali pa Saba. Baba Neema aliuliza namba yake nikamwambia halina. Kila jioni analiteremsha, tunatafuna matobolwa, tunalijaza tena, tunalirudisha kati ya kofia za vita. Ndicho chombo pekee kwenye rafu ile ambacho bado kiko kazini.